Mshumaa wa Mwalimu Traian

Wiki ya tatu sasa, Mwalimu Traian hafi wala haamki.

Dada yake Veta amekaa kando ya kitanda, mshumaa mapajani, kiberiti mfukoni mwa aproni, na kupitia dirishani anaziona plamu zake zikianguka na kuoza. Viazi bado viko ardhini. Kijiji kizima kimeshavuna, yeye anamlinda mgonjwa anayemaliza sahani mbili za ugali na jibini na kuulizia ya tatu.

Hasira alikuwa nazo, lakini angefanyaje? Kwetu Maramures, huku milimani Romania, mtu hakati roho bila mshumaa unaowaka mkononi. Akiondoka bila huo, huko aendako ni giza tupu, na hakuna padri wa kumrekebishia. Gavrila, mumewe Veta, aliangukiwa na mti msituni akiwa peke yake. Miaka thelathini na moja imepita, na hakuna Pasaka ambayo Veta hajalia kwa ajili ya giza lile. Hakuwa tayari kumpoteza mdogo wake naye namna hiyo.

Cha kuudhi zaidi, Traian mwenyewe hakuwahi kuamini mambo haya. Miaka arobaini alifundisha Kilatini mjini, na hakuna mazishi aliyokwenda asiwacheke wanawake na mishumaa yao. Kisha mwezi wa tisa wakaenda wote wawili hospitali, yeye kwa kikohozi, Veta kwa miguu iliyokuwa ikivimba. Barua ya daktari ilipofika, Traian aliipokea langoni, akaisoma amesimama, akaisoma tena. Ilijaa Kilatini, nani mwingine pale nyumbani angeielewa? Akaingia ndani, akavua viatu, akalala. Alisema moyo umekwisha kazi, zimebaki siku za kuhesabu, na kwamba dada yake asitoke chumbani humo, akae tayari na mshumaa.

Veta alidhani anatania. Mwalimu, mpinzani mkubwa wa mishumaa, leo anautaka?

"Wewe nenda kachimbe viazi," Traian alimjibu. "Nikifa huku nyuma, utajua mwenyewe cha kumwambia Gavrila."

Maneno hayo yalimkalisha Veta chini. Jirani yao Anutsa akabebeshwa kila kitu, kupika, kukamua ng'ombe, kuchanja kuni. Veta akijaribu kugusa hata ndoo, mgonjwa anaanza kukohoa na kugonga ukuta kwa kijiko. Mtu gani huyu, hana nguvu za kuamka lakini za kugonga ukuta anazo.

Na lile daftari lake, jamani. Siku ishirini alikuwa akiandika habari za neno moja. Lumen. Alilitoa ndani ya barua ya daktari, na kila asubuhi alimsomea Veta kana kwamba kesho kuna mtihani. Kwa Warumi lilikuwa mwanga, na jicho, na hata dirisha. Waitaliano wamelibakiza kwenye taa. Wenye viwanda wanaliandika kwenye maboksi ya balbu. Madaktari nao wanaita hivyo uwazi ulio ndani ya mshipa, pale damu inapopita, na barua ile ilisema uwazi huo umebaki mwembamba kama uzi.

"Na sisi?" Veta aliuliza, ili amalize upesi.

"Sisi Waromania tumelifanya dunia. Dunia na watu wake wote, majirani na kila mtu. Hakuna mwingine aliyethubutu."

"Basi hao majirani wameshamaliza viazi vyao, Traian."

Alicheka mpaka kitanda kikalia. Kisha akamwamuru aweke miguu juu ya kigoda, eti anavyoitikisa anamchanganya mawazo.

Alhamisi asubuhi jua lilitoka zuri, na Veta akafika mwisho. Aliomba nusu saa tu, ndoo moja tu ya plamu. Akakataliwa. Hapo yote yakamtoka. Alimkumbusha ni nani aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na nani aliuza ndama ili yeye akasome hicho Kilatini. Alimwambia kwamba tangu azaliwe ni mtu wa kungojwa, na leo hata kufa anachelewa.

"Na wewe ukishaondoka na mshumaa wako," alimaliza, "mimi nitakufa kulekule kwenye viazi. Wa kunishikia atakuwa mbuzi."

Traian aligeukia ukutani, na Veta akaona mabega yake yanatikisika. Aibu ikamshika. Mgonjwa hasemwi hivyo, alijilaumu, tena mgonjwa wa moyo. Akarudi kitini, akavuta aproni, akauweka mshumaa mapajani.

Nje Anutsa alikuwa akichanja kuni.

Mshumaa ukamteleza Veta mapajani, ukabingirika chini ya kitanda. Alitaka kuinama, kifua kikakataa. Alitaka kuingiza mkono mfukoni, mkono nao ukakataa. Alitaka kumwambia Traian avumilie kidogo, asife sasa hivi, kiberiti hakikamatiki. Sauti haikutoka.

Blanketi lilitupwa pembeni. Traian akaruka chini, akapiga magoti, akautoa mshumaa uvunguni, akachomoa kiberiti mfukoni mwa dada yake na kuuwasha. Akasimama mbele yake wima, bila hata kuhema. Akavikunja vidole vya Veta kuuzunguka mshumaa na kuvishika kwa mikono yake yote miwili, huku Veta akimkodolea macho.

"Shika, dada," alisema. "Barua ilikuwa yako."