Kifungu cha Saba

Ninayosimulia ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi, ulimi uniote malengelenge.

Mdhamini alikaa mbele ya wakili, mkono mfukoni, kaushika ufunguo wa karakana ya useremala. Marehemu kaka yake alimwachia karakana hiyo amtunzie bintiye mpaka akue. Binti sasa alikuwa mtu mzima, tena kafura kwa hasira.

“Baba mdogo, miaka mitatu naomba kuona kilichomo, wewe unanifungia mlango!”

“Soma kifungu cha saba cha wosia!” alifoka. “‘Mdhamini asiulizwe na mtu.’ Kakiandika baba yako mwenyewe! Leo mtoto niliyempangusa kamasi ananiita mwizi?”

“Nani kasema mwizi?” binti akauliza.

Wakili akavua miwani. “Mzee, marehemu aliruhusiwa kupanga mengi: binti akabidhiwe lini, mashine ziuzwe au zisiuzwe. Asingepanga, sheria ingempangia. Lakini mdhamini kuwa mwaminifu, na mwenye mali kuelezwa habari za mali yake, hayo hayafutwi kwa kalamu ya yeyote. Kifungu hicho hakina nguvu.”

Mdhamini aliinuka kwa uchungu. Yaani neno la marehemu litenguliwe na mtu mwenye miwani! Aliubana ufunguo hadi meno yake yakamchoma kiganja, akatoka nao bila kuaga.

Mnauliza nimejuaje ulivyochoma? Haya, nimenaswa. Mwanangu, kinga mkono, ufunguo huu hapa. Na kiti hiki nilichokalia nikisimulia ni mbao zako; ngoja nisimame.