Pumzi ya Mama

Baba yake Nadine alizima injini ya pikapu ili asikie vizuri. Huko Nashville, mji wa muziki kule Marekani, albamu haihesabiwi kuwa imeisha mpaka isikilizwe garini, na hii ilikuwa ya kwanza ya binti yake. Wimbo wa mwisho ulikuwa umeitikiwa na mama mtu, wiki chache kabla hajafariki.

"Kitendawili," mzee akasema, huku akipangusa vumbi la spika kwa mkono wa shati.

"Tega, Baba."

"Mama yako alianza kuimba kabla hajaimba. Alianzaje?"

Nadine akautafuta wimbo wa mwisho, kidole kwenye kitufe cha redio ya gari.

"Umeshindwa, na mwimbaji ndiye wewe! Alivuta pumzi, hivi, kama anayeonja mchuzi wa moto. Kanisani nilimjua kwa hiyo hata nikiwa nimefumba macho. Nipe hiyo tu, mengine yote ni yako."

Gitaa likalia. Sauti ya mama ikaingia, safi, imenyooka kama nguo iliyopigwa pasi.

Mzee akainama hadi sikio likagusa spika. "Rudisha, mwanangu. Imenipita."

Nadine akarudisha. Kule studio fundi wa sauti alikuwa amemuuliza, "Hizi pumzi za mama niziache?" Zilikuwa zikikwaruza kwa ugonjwa, naye Nadine aliwaza watu wa redio wangezikataa. "Futa zote," alijibu. "Usibakize hata moja."

"Masikio ya kizee haya!" mzee akacheka, akaongeza sauti hadi mwisho. "Hebu tena, mwanangu."

Kidole cha Nadine kikarudi kwenye kitufe.