Uzito wa Kyungu

Mdogo wangu Kyungu alikuwa katikati ya shimo nilipoona kamba niliyomfunga kiunoni imeanza kukatika. Uzi mmoja kati ya tatu ulikuwa umechomoka, unatetemeka karibu na gogo nililoizungushia.

Nikaendelea kuvuta, polepole sana. Sisi wachimbaji wa Kolwezi tunalijua hilo kwa mikono: mtu akivutwa taratibu ana uzito wake tu, lakini akianguka hata kidogo kamba ikamdaka, anakuwa na uzito wa watu watatu. Nyuzi mbili zilimtosha Kyungu mmoja.

Sikumwambia. Mtu akiogopa hujitikisa.

Ndipo mbwa wa walinzi wa mgodi tulioingia kwa siri wakabweka upande wa uzio. Hata yeye huko chini aliwasikia.

"Yaya, vuta mbio. Batatukamata," akaniita, kwani kwetu yaya ni ndugu mkubwa.

"Tulia. Kaa hivyo hivyo, usifanye kitu."

"Uko unachoka. Ngoja mi nikusaidie."

Kwenye kuta za shimo tulikuwa tumechimba vijishimo vya kukanyagia, na mvua ya asubuhi ilikuwa imevijaza tope. Nikamwambia asikanyage, lakini tayari alishaweka mguu mmoja, kisha wa pili, anapanda mwenyewe.

Uzito ukaisha mikononi mwangu. Kamba ikalegea, ikaning'inia bure.

"Unasikia, yaya?" akasema huku anacheka. "Mi siko tena muzito."

Nilikuwa bado naikusanya kamba, mkono juu ya mkono, tope lilipomeguka chini ya mguu wake na kicheko kikakatika.

Kamba bado ilikuwa nyepesi, haijamdaka.