Kofi Moja Tu

"Mama, jaribu kukumbuka. Hata kofi moja tu."

Mama hakuacha kupiga pasi. Alinyoosha kola ya blauzi, akaigeuza, akafikiri kwa bidii kama mtu anayetaka kusaidia kweli.

"Kuna siku nilikunyima peremende," alisema.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa umeshakula sita."

Binti yake akafuta mstari aliokuwa ameanza kuuandika.

Balaa lenyewe lilianzia maktaba. Binti huyu kazi yake ni kuchora ramani za nyumba, mwanamke mzima wa miaka thelathini na nne aliyezoea kuta, milango na vipimo. Siku moja, akikwepa mvua, aliokota kitabu kinene kilichojaa michoro, akidhani ni cha watoto. Kumbe mtu mzima mwenzake alikuwa amesimulia utoto wake mwenyewe kwa picha, kisanduku baada ya kisanduku: baba mlevi, mama asiyesema, mtoto anayelala chini ya meza. Alikisoma akiwa amesimama mpaka miguu ikamfa ganzi. Baada ya miezi miwili alikuwa ameimaliza rafu nzima ya watoto walioteseka, na alikuwa akilia kazini bila haya, machozi yakidondokea ramani za watu.

Basi akajiunga na darasa la kuchora vitabu vya namna hiyo, na huko ndiko alikoumbuka. Wenzake wote walikuwa na akiba ya kutosha. Mmoja alilelewa na mama wa kambo mwepesi wa kupiga. Mwingine alihamishwa shule tisa. Zamu yake ilipofika, alisema alikuwa na baiskeli nyekundu. Darasa zima likamtazama kwa huruma.

Mwalimu wao, ambaye wanafunzi walimwita Kifutio kwa sababu hakuna mchoro aliouacha salama, alimpa mpaka Jumamosi. Alete kurasa nne za utoto wake, zenye uzito, la sivyo hataingia kwenye kitabu cha pamoja ambacho darasa lilikuwa likikiandaa. Naye alikitaka kile kitabu kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka tangu ile baiskeli. Leo ilikuwa Alhamisi.

"Nimekunyonyesha miaka miwili," mama alisema, "leo unakuja kunidai mateso. Nikupige sasa hivi?"

"Umechelewa, mama."

"Mkono bado ninao."

Wote wawili wakacheka. Mama alikuwa na kicheko cha kujibana, cha puani, na binti yake alikuwa amekirithi kama kilivyo.

"Chora furaha," mama alisema. "Kwani furaha haichoreki?"

Binti alivuta karatasi kwa shingo upande. Haya, atachora mchezo wao wa kujificha. Kifutio atakunja uso, lakini angalau kurasa nne zitajaa.

Ulikuwa mchezo wa nyumbani kwao tu. Mama alikuwa akimnyakua popote alipo, hata katikati ya kuoga na povu kichwani, wanajibana wawili ndani ya kabati la nguo, na baba anawatafuta. Anayekohoa ameshindwa. Anayenyamaza hadi mwisho analamba kijiko cha sukari. Na baba alikuwa anatafuta kwa moyo wake wote, hakuna baba wa rafiki yeyote aliyemfikia. Lakini hakuwahi kuwapata, hata mara moja. Alipofariki, mtoto akiwa na miaka saba, mchezo ulikufa naye, na mtoto alimlilia zaidi kwa sababu hiyo.

Kwa vile hakuweza kumchora mtu kabla ya kuchora chumba, alianza na ramani. Kitanda. Dirisha. Kabati, upana mita moja na robo, milango miwili. Bawaba. Komeo. Hapo penseli ikasita. Alikuwa amewachorea watu makabati mengi mno, na hakuna mteja aliyewahi kuomba komeo upande ule.

"Mama, komeo la lile kabati lilikuwa ndani?"

"Ndani."

"Nani alilipachika?"

"Mimi mwenyewe. Niliazima bisibisi kwa jirani."

Binti aliangua kicheko. "Kwa hiyo ulikuwa unamchezea rafu! Miaka yote hiyo mimi najivunia kwamba tunajua kujificha, kumbe mama kafunga mlango kwa ndani. Maskini baba."

Mama alisimamisha pasi. Hakucheka.

"Usinune, hii naiweka," binti aliendelea, sasa akiwa amechangamka. Kwa mara ya kwanza aliiona hadithi yake ikiwa na chumvi. Alichora mwanamke na mtoto wakiwa wamekumbatiana kati ya magauni yanayoning'inia, mkono wa mwanamke ukiwa juu ya mdomo wa mtoto. Mchoro ulitoka vizuri. Halafu akarudi kwenye kisanduku cha kwanza, ambako kila mchezo wa kujificha huanzia, akachora ukuta na mwanamume aliyeuinamia akiwa amefumba macho.

"Nisaidie hapa tu, nataka niandike juu ya kichwa chake," alisema. "Baba alikuwa anahesabu mpaka ngapi? Ishirini?"

Mama alichomoa pasi ukutani. Aliuzungusha waya taratibu mkononi, akaja akaketi upande wa pili wa meza, akautazama ule mchoro kwa muda mrefu.

"Hakuwa anahesabu, mwanangu," alisema. "Baba yako hakujua kwamba tunacheza."