Joto Mgongoni

Bodaboda ilikuwa ikiteremka kutoka mji wa Laare wakati Nkirote alipohisi joto mgongoni, mahali laptopu ilipomwegemea ndani ya begi.

Ilikuwa laptopu ya kuchezea gemu, lakini yeye aliinunua kwa sababu ya uwezo wake mkubwa, apate kuhariri video za harusi. Alichagua nyembamba kama daftari, kwa kuwa ile nene ya zamani ilimuumiza mabega kwenye vilima hivi. Ile ya zamani ilikuwa nzito, lakini haikuwahi kumchoma.

Sasa joto lilipenya sweta. Kisha ikaja harufu kali ya plastiki inayoungua.

"Simama! Simama hapa!"

Pikipiki haijatulia vizuri, tayari begi lilikuwa chini kwenye nyasi. Lilikuwa limevimba upande mmoja, na moshi ulianza kutokea penye zipu.

"Hiyo ni betri! Rudi nyuma, madam!" dereva alipiga kelele.

Nkirote akarudi hatua mbili. Hapo akakumbuka kadi ya kamera. Bado ilikuwa imechomekwa kwenye laptopu, na harusi yote ya jana ilikuwa humo, haijanakiliwa popote.

"Madam, wacha hiyo kitu!"

Akavuta mkono wa sweta ukafunika vidole, akainama, akashika zipu.