Draiva Kabla ya Swala ya Ijumaa

Taa ya kamera ilikuwa inawaka, lakini kompyuta ilishikilia kwamba haioni kamera yoyote.

Abdulmalik akachomoa waya, akaupuliza, akauchomeka tundu jingine. Kompyuta ikaandika maneno yale yale. Mara ya tisa sasa. Nje ya duka lake la intaneti, maduka ya Chikongola yalianza kushusha milango. Ilikuwa Ijumaa, na saa sita ilikwisha pita.

"Bado?" Somoe aliuliza.

"Bado, mama. Kaa kwanza."

"Nimekaa juu ya magunia ya muhogo tangu Nanyamba, makalio yamekufa ganzi. Nikae tena wapi?" Akaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena.

Mwaka ule wa 2007 Abdulmalik alikuwa ameleta kompyuta yenye Windows mpya, akaringa nayo mji mzima. Kamera ilikuwa ile ile ya zamani, na CD yake ni ya Windows ya zamani. Bila draiva, ile programu ndogo ya kuitambulisha kamera kwa kompyuta, kamera ni jicho la samaki wa sokoni: liko wazi, halioni.

Ajabu ni kwamba picha ya upande wa pili ilikuwepo. Kwenye kioo alionekana Saumu, binti wa Somoe, ameketi katika duka la intaneti Temeke, kajitanda khanga mpya, macho chini kama bibi harusi. Nyuma yake alisimama Jafari, baba yake mdogo, anatazama saa. Jafari ndiye aliyemchukua binti baada ya kumzika kaka yake, baba wa Saumu, eti akajifunze kushona. Hata sindano hajamnunulia, kamtafutia mume: mzee wa Tandika mwenye malori, na wake wawili tayari. Nikaha ni leo, baada ya swala. Barabara ya kusini imekatwa na mvua, mama hawezi kufika. Shehe akasema basi, angalau waonane.

"Mama," Abdulmalik alisema, "mwanao si unamwona? Na sauti inakwenda. Maiki hiyo hapo, mpe radhi zako yaishe. Radhi za mama hazitaki picha."

Somoe akaifunika maiki kwa kiganja. "Yeye hanioni," akanong'ona. "Tengeneza. Na huyo Jafari usimwambie neno."

Spika ikakoroma. "Shemeji!" Ilikuwa sauti ya Jafari. "Tunachelewa. Shehe kakaa nyuma ya pazia, kamuuliza msichana mara tatu, msichana kanyamaza. Bikira akinyamaza ndiyo kakubali, hata wewe unaijua hiyo. Unangoja nini?"

Somoe akaondoa kiganja. "Nangoja anione, shemeji. Nimemzaa mimi. Au wewe ulikuwapo leba?"

Mteja wa kompyuta ya pili akacheka. "Kwa mwendo wa kamera hii, mama, atakuona akiwa na wajukuu."

"Wewe soma barua zako," Abdulmalik akamkata.

Draiva mpya alikwisha iona kwenye mtandao, ikawa inashuka kama maji ya bomba la mwisho wa mtaa. Asilimia thelathini. Arobaini na moja. Ikakwama. Ikaenda. Somoe alikuwa anafumba na kufumbua vidole, anavinyoosha kimoja kimoja.

"Na mikono itaonekana?"

"Mikono?"

"Au uso peke yake?"

Abdulmalik akaitazama mikono yenyewe: mabaka ya utomvu wa korosho hadi viwiko, kucha zimekatika. Akamwonea huruma. "Utaificha chini ya meza, mama. Hakuna atakayeiona."

Somoe akaendelea kunyoosha vidole.

Adhana ya kwanza ikasikika upande wa Rahaleo. Asilimia tisini na nane. Mia. Kompyuta ikatafakari, kisha ikaandika sentensi iliyomfanya Abdulmalik ashike kichwa.

"Inataka izimwe, iwashwe upya."

"Ukiizima Jafari ataondoka naye."

"Nisipoizima hakuna kamera."

Somoe akautazama uso wa mwanawe kwenye kioo. "Zima."

Dakika nne. Mteja alikwisha ondoka na wenzake kwenda msikitini. Abdulmalik naye alitakiwa awe huko. Badala yake alikuwa anaipigapiga meza kwa vidole, anamwomba Mungu mambo ya waya. Kompyuta ikafunguka. Akapiga Temeke. Ikaita, ikaita. Picha iliporudi, Jafari alikuwa amekwisha mshika Saumu mkono, wamesimama nusu.

"Shemeji, subiri!" Somoe alipiga kelele. "Subiri, picha hiyo inakuja!"

Ikaja. Ilikuja kichwa chini miguu juu, Somoe ananing'inia kama popo. Abdulmalik hakupoteza muda kuitafutia dawa. Aliing'oa kamera juu ya kioo, akaipindua, akaishika kwa mkono wake mwenyewe.

"Haya, shemeji, umeonekana," Jafari alisema. Akamkalisha binti tena, akachungulia saa. "Toa hizo radhi, twende."

Somoe akaisukuma maiki pembeni. Akavuta kiti nyuma, mbali na meza, mpaka akaonekana hadi kiunoni. Kisha akainua mikono yake miwili, ikaanza kwenda: kidole kifuani, kidole kwenye kioo, kiganja juu ya kiganja, halafu vyote viwili wazi, vinauliza.

Huko Temeke, binti ambaye tangu azaliwe hajasikia adhana wala jina lake mwenyewe akainua uso. Mikono ikatoka ndani ya khanga, hina bado mbichi, ikamjibu mama, baba mdogo na lile swali la shehe kwa pamoja: hapana, hapana, hapana.