Chakula Kilichofungwa

Basant Kaur alingoja mpaka mkono wa Sardar Kehar Singh, babu wa bwana harusi, ushike tonge tamu la ladu, ndipo akakifunga chakula.

Alighani akiwa nyuma ya pazia la wanawake, upande wa bibi harusi. Alifunga ladu, dengu, mikate, hata chumvi. Wageni mia wa bwana harusi wakaondoa mikono kwenye sahani za majani. Chakula kikishafungwa kwa shairi, hakiliwi mpaka mmoja wa wageni akifungue kwa shairi. Anayekula kabla amekula najisi.

"Wakwe wametuanza," mmoja akacheka. "Mshairi wetu yuko wapi?"

Mshairi wao akainuka, akasafisha koo. Basant Kaur akatokeza, shela nyeupe ya ujane kichwani.

"Kaa, mwanangu. Fundo langu lina ufunguo mmoja. Nataka shairi la Phuman, lile la kisima."

Kehar akarudisha ladu sahanini.

Ilikuwa imepita miaka thelathini na mmoja. Basant alikuwa amerudi hapa kwao kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo ada, alipoletewa habari ya kifo cha mumewe, Phuman. Phuman alisimama uani mwa Kehar, mbele yake na wenzake wanne, akaimba jinsi kisima cha wafumaji kilivyoporwa. Kabla jua halijatua aliokotwa mferejini, maiti, na daftari lake lilitiwa tanurini. Tungo zake nyingine, za mishororo kumi na miwili siku zote, zilibaki vinywani mwa watu, kwenye mavuno na kwenye harusi. Ile ya kisima waliisikia wale watano tu, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Wale wanne walikwisha kufa na kuchomwa, majivu yao yakaenda na mto. Alibaki Kehar. Kila alfajiri Basant alimwombea maisha marefu, na majirani walidhani amesamehe.

Iliposikika kwamba mjukuu wa Kehar anaoa hapa kijijini, aliomba yeye mwenyewe akifunge chakula. Asubuhi hiyo aliwapanga wanawake kumi na wawili nyuma ya pazia, kila mmoja na zamu yake. "Atakayecheka zamu yake ikampita," aliwaambia, "nitamfunga na yeye."

Sasa baba wa bibi harusi alimsogelea. "Shangazi, chagua lingine. Hawa ni wakwe zetu."

"Basi waende na njaa. Wimbo wa njaa hiyo nitautunga mwenyewe, na wajukuu zao watauimba."

Dengu ikaanza kuganda. Bwana harusi akamtazama babu yake.

"Silijui shairi hilo," Kehar alisema.

"Nilijua hulijui. Uzee umeshakula kichwa. Na nasikia hata siku ile hukulielewa, mpaka mchunga nyati wako akakufafanulia."

Wageni wa Kehar mwenyewe wakaangua kicheko. Siku ya harusi tusi la wakwe halikasirikiwi.

Kehar akasimama, mishipa ya shingo imemtoka. "Mimi nisahau? Mtenda ndiye husahau, mwanamke. Mtendwa hasahau, na aliyetukanwa ni mimi."

Akaanza kughani. Alighani kwa hasira, neno kwa neno, kama mtu anayetema mbegu: hati ya uongo, shahidi aliyenunuliwa, wafumaji waliofukuzwa na mitungi mitupu. Nyuma ya pazia kila mwanamke, zamu yake ilipofika, alianza kuchezesha midomo bila sauti. Kufika katikati kicheko kilikuwa kimekufa. Wakwe wapya walikuwa wakimtazama. Angeweza kunyamaza, lakini fundo lilikuwa halijafunguka, na mjukuu wake alikuwa na njaa. Mshororo wa mwisho aliutoa akitazama chini:

"Kehar, maji uliyoiba ndiyo yatakayokuosha, asema Phuman."

"Kuleni," Basant Kaur akasema. "Kimefunguka."

Wageni wakala. Ladu la Kehar lilibaki pale pale.

Basant akarudi nyuma ya pazia, akaketi kitako.

"Wa kwanza," akasema.

Mwanamke wa kwanza akatamka mshororo wake. Akafuata wa pili, na wa tatu, mpaka wa kumi na mbili akalitaja jina la Phuman.

"Tena," alinong'ona mjane. "Polepole. Sijawahi kulisikia."